Na Mama Je? Swali Lililopotea Kati ya Boma na Kliniki

Kuna neno la Kijaluo ambalo limebadilisha kazi bila kubadilisha umbo: nyamrerwa. Zamani nyamrerwa alikuwa mkunga wa kijijini, yule mama mzee aliyeitwa usiku wa manane, akaja na mikono yake na dawa zake za miti, akampokea mtoto. Siku hizi ukiwa Migosi na usikie jirani akisema nyamrerwa amepita, pengine anamaanisha mhamasishaji wa afya ya jamii: mama wa mtaa mwenye begi la serikali na simu ya kujaza ripoti, anayebisha mlango mmoja baada ya mwingine kuuliza kama mtoto amepata chanjo.

Kati ya hao wawili kuna zaidi ya miaka mia moja, na ndani ya miaka hiyo kuna kitu kilianguka njiani na hakuna aliyerudi kukiokota. Watu hupenda kusema kwamba dipresheni ya mama aliyejifungua ni mambo ya kisasa, mambo ya Wazungu, mambo ya dada wa mjini wenye muda wa kufikiria sana. Historia ya watu wa ziwa inasema vingine. Walijua kwamba mama anaweza kuumwa akili baada ya kuzaa. Tulichopoteza ni mtu ambaye ni kazi yake kuuliza.

Siku tatu, siku nne

Kwa Wajaluo, mama aliyejifungua hakutoka nje ovyo. Akizaa msichana, alikaa ndani siku tatu. Akizaa mvulana, siku nne. Kisha mtoto akatolewa nje rasmi, ndiyo golo nyathi, na watu wakala. Siku hizo mama alipikiwa nyuka, akachotewa maji, akashikiwa mtoto ili alale. Pwani, Waswahili walinyoosha muda huo hadi arobaini: mkunga anakuja kumkanda kwa maji moto, tumbo linafungwa kitambaa, na mwanamke anahesabiwa kuwa mzazi, mtu wa kulindwa, hadi siku arobaini zitimie. Hesabu ni tofauti lakini wazo ni moja. Siku ya kuzaliwa mtoto, nyumba inapata wachanga wawili.

Halafu kulikuwa na pim. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, kwenye kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya, wanamweleza pim kama mwanamke mzee, mara nyingi mtu aliyetoka nje ya ukoo, aliyeishi kwenye siwindhe, nyumba ambamo watoto walioachishwa ziwa walilala, wakalishwa na kufunzwa. Wasomi wamempenda kwa sababu ya hadithi na maarifa aliyowaachia watoto. Lakini mtazame kwa macho ya mama mwenye mtoto wa wiki mbili: pim ndiye aliyemchukua yule mwingine wa miaka minne. Ilikuwa dei kea ya boma, bila ada ya mwisho wa mwezi.

Tusijidanganye lakini. Boma lilisaidia kwa masharti. Mama asiye na mume, au aliyezaa wasichana mfululizo, au mke mwenza asiyependwa, alisaidiwa kwa kipimo. Na akianza kulia bila sababu, kukosa usingizi, kumkataa mtoto, maelezo yaliyokuwa karibu ni chira: kuna mwiko umevunjwa, na lazima kuna aliyeuvunja. Ng'ambo ya ziwa, Baganda waliita ugonjwa wa mama aliyejifungua amakiro. Walisema unatokana na mume au mke kutoka nje ya ndoa wakati wa mimba, na kwamba mama mwenye amakiro anaweza hata kutaka kumla mtoto wake. Tiba ilikuwepo, dawa za miti na kuogeshwa. Ila pamoja na tiba kulikuwa na kesi. Mgonjwa aliuguzwa na kushtakiwa kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo jina lilikuwepo, msaada ulikuwepo, na lawama ilikuwepo pia. Vyote vitatu vilikaa nyumba moja. Mjini tumepoteza jina na msaada, lakini lawama imehama nasi vizuri sana. Msikilize mtu akisema, "Wewe si wa kwanza kuzaa." Hiyo ni chira iliyovaa suti.

Reli, kodi na shule

Reli ilifika ziwani mwaka wa 1901, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Ikaja na kodi ya nyumba. Serikali ilitaka pesa, kwa hivyo wanaume wakazifuata: bandarini Mombasa, Nairobi, mashamba ya chai Kericho. Wanawake wakabaki na jembe, mifugo na watoto. Yule aliyepaswa kukaa ndani siku nne akizungukwa na wanawake wenzake sasa alikuwa na kazi za watu wawili zikimngoja mlangoni, na wenzake nao walikuwa hivyo hivyo. Shule ikawachukua watoto wa siwindhe, na pim akabaki bila wanafunzi. Kufikia uhuru, pim alikuwa mtu wa kusimuliwa.

Hospitali za misheni zilileta kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angetaka kukirudisha: mahali ambapo mama anayetokwa damu anaweza kuokolewa. Grace Ogot, ambaye wengi tunamjua kwa riwaya yake ya 1966, The Promised Land, alikuwa muuguzi na mkunga kabla ya jina lake kuwa kwenye jalada la kitabu. Alisomea uuguzi Uganda, akaenda Uingereza, kisha akarudi kufundisha ukunga katika Hospitali ya Maseno mwishoni mwa miaka ya 1950. Wauguzi wa kizazi chake walifanya kazi ngumu ya kuwafanya wanawake wa Nyanza waiamini wodi. Lakini wodi huandika vitu vinavyopimika: damu, joto, uzito wa mtoto. Zile siku nne za ndani hazikupata safu kwenye daftari.

Daktari aliyesema haiwezekani

Na akili je? Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, ambayo leo ni Mathari, ilifunguliwa mwaka wa 1910. Kuanzia 1938 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyepewa kazi hiyo bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Kutokana na wagonjwa alioletewa, aliandika kwamba sonona ni nadra sana kwa Mwafrika.

Sasa jiulize Mathari ilipokea watu gani. Ilipokea waliovuruga amani, wale ambao mamlaka iliona lazima waondolewe. Mama wa Kano au Alego aliyekaa gizani akitazama ukuta, mtoto akilia na yeye hasikii, hakuvuruga amani ya mtu. Hakuletwa. Kwa kuwa hakuletwa, hakuhesabiwa. Kwa kuwa hakuhesabiwa, ikasemekana hayupo. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika, na dhana hiyo ikapigwa muhuri wa dunia nzima.

Cha ajabu ni kwamba sheria ilikuwa inajua. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1938, kinamzungumzia mama anayesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kwa sababu hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha. Kinasema asihukumiwe kama mtu aliyeua kwa kukusudia. Kifungu hicho kipo hadi leo.

Soma hayo mawili pamoja. Serikali moja: daktari wake anaandika kwamba sonona karibu haimgusi Mwafrika, na kitabu chake cha sheria kinakubali kwamba kuzaa kunaweza kuvuruga akili. Ila sheria ilimtambua mama huyo akiwa kizimbani tu, mtoto akiwa tayari kaburini. Wiki chache kabla ya hapo, alipokuwa bado anaweza kusaidiwa, hakukuwa na afisa hata mmoja aliyelipwa kumuuliza ako aje.

Kasangati

Aliyeanza kuuliza kwa utaratibu alikuwa upande wa pili wa ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Mwingereza John Cox alikuwa akifundisha Makerere. Hakungoja wagonjwa waletwe. Alienda mahali ambapo wanawake walikuwa tayari wanaenda: kliniki ya wajawazito ya Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Aliwahoji, akawafuatilia baada ya kujifungua, na akawauliza kuhusu amakiro bila kuwacheka. Miezi mitatu baada ya kuzaa, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na sonona. Yale ambayo Carothers hakuyaona Mathari yalikuwa yamekaa kwenye benchi Kasangati, yakingoja zamu.

Cox akarudi Uskoti na swali hilo. Mwaka wa 1987, yeye pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, wakachapisha dodoso la maswali 10 linaloitwa Kipimo cha Edinburgh. Linauliza kuhusu siku saba zilizopita: bado unaweza kucheka, unajilaumu, unaogopa bila sababu, unalala, unalia, umewahi kuwaza kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 30. Dakika tano hivi zinatosha. Leo kipimo hicho kinatumika duniani kote, na tunakipokea kama kitu kilichotoka Ulaya. Mojawapo ya mizizi yake iko kwetu, kwenye kliniki ya wanawake wa Buganda.

Na Shirika la Afya Duniani lenyewe limebadilisha msimamo. Kwa makadirio yake, duniani karibu asilimia 13 ya wanawake hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8. Mmoja kati ya watano. Piga hesabu kwenye ploti yako.

Russia, ploti na mizani

Wakazi wa Migosi wakisema "Russia" hawamaanishi nchi. Wanamaanisha hospitali kubwa iliyo karibu na Kondele, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo maneno makali kati ya Rais Kenyatta na Jaramogi yaligeuka kuwa risasi kwenye umati. Serikali ilisema watu 11 walikufa. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Mji huu umezaa na kuzika kwenye anwani moja, na umezoea kuwaambia wanawake wake wajikaze.

Kwa upande wa kuzaa salama, mabadiliko yamekuwa makubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2008-09 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya watoto walizaliwa hospitalini au kwenye kituo cha afya. Mwaka wa 2014 ilikuwa asilimia 61. Mwaka wa 2022, asilimia 82. Kujifungua bila malipo katika hospitali za umma kulitangazwa Juni 2013, kisha ikaja Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 tumo kwenye SHA. Kizazi kimoja tu, na uzazi umehama kutoka nyumbani kwenda wodini.

Lakini wodi inakukaa siku moja, mbili. Halafu unarudi Migosi. Unarudi kwenye nyumba ya kupanga, mlango unatazamana na mlango, jirani anatoka Busia, mwingine Kisii, mnasalimiana kwa kamba ya nguo. Baba mtoto ako kwenye boda, au ako Nairobi na anatuma kitu kwa M-Pesa. Mama mkwe anakuja kutoka Bondo na unga na omena, anakaa wiki mbili, halafu anarudi kwa sababu shamba lake nalo halina mtu. Kama umeajiriwa rasmi, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu ya likizo yenye mshahara. Kama unauza nguo Kibuye, likizo yako ni siku ambazo hujauza.

Hapo ndipo foleni ya chanjo inakuwa muhimu. Mtoto wa Kenya anapelekwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama akija na mtoto mgongoni, tunakuwa naye uso kwa uso mara tatu katika miezi ambayo sonona inapenda kuota. Mtoto anavuliwa, anawekwa kwenye mizani, anadungwa pajani, kijitabu kinapigwa muhuri, mwingine aingie. Mizani ni ya mtoto. Kama mama amelala saa mbili kwa siku tatu na anasikia sauti ya kumwambia kwamba mtoto angekuwa sawa bila yeye, hakuna anayejua, kwa sababu mtoto ameongeza uzito.

Sisemi wauguzi hawajali. Mwuguzi mmoja na foleni ya akina mama 60 hawezi kufanya kazi ya siku nne kwa dakika nne. Ninachosema ni kwamba boma lilidhani hospitali imechukua kazi hiyo, na hospitali ilidhani bado iko nyumbani.

Kuuliza ni kazi

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji daktari wa akili kwenye kila mtaa, maana hatunao. Pakistan, utafiti ulioongozwa na Atif Rahman na kuchapishwa mwaka wa 2008 uliwafunza wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake wa kawaida, kuongea kwa mpangilio na akina mama wenye sonona wakati wa ziara zao za nyumbani. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare. Benchi, nyanya, na mtu wa kusikilizwa. Ukiangalia vizuri, huyo ni pim aliyepewa mafunzo.

Kenya nayo imesogea. Jopo la kitaifa la afya ya akili lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba hali hii itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka wa 2022. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kwamba kumfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, na hilo linamhusu moja kwa moja mama ambaye aliogopa kusema ukweli hospitalini asije akapelekwa kituo cha polisi. Na Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000. Ndio hao nyamrerwa wetu wapya. Mlango wanaujua tayari, na jina la mama wanalijua. Kinachobaki ni swali la pili baada ya lile la chanjo, muda wa kusikia jibu, na malipo yanayofika kwa wakati, kwa sababu mtu aliyechoka na kucheleweshewa pesa hawezi kubeba huzuni ya nyumba ishirini.

Mpaka hapo, haya ndiyo ya kushika. Machozi na hasira za siku chache za kwanza huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida hupita kabla ya wiki mbili kuisha. Zikipita wiki mbili na bado giza halijainuka, usingizi haupo hata mtoto akilala, chakula hakipiti, humhisi mtoto kama wako, hiyo si uvivu na si laana. Ni ugonjwa, na unatibika, kwa mazungumzo na pia kwa dawa, nyingine ambazo mama anaweza kutumia akiendelea kunyonyesha akisimamiwa na daktari. Mwambie mhudumu wa kliniki ile ile ya mtoto, na uombe rufaa kwa jina: kitengo cha afya ya akili. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure. Na kama mama anasikia sauti, anaona vitu, anasema mambo yasiyoshikana au anataka kujidhuru ama kumdhuru mtoto, usingoje asubuhi wala maombi ya Jumapili pekee. Hiyo hutokea kwa mama mmoja au wawili kati ya 1,000, na ni dharura kama kutokwa damu. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali sasa hivi.

Wengine wetu hatujazaa na pengine hatutazaa, lakini tunaishi kwenye ploti hizo hizo. Zamani kumpikia mama aliyejifungua uji halikuwa wazo la mtu mwenye roho nzuri. Lilikuwa zamu. Mtu alijua ni yake, na asipoifanya angesemwa. Tunaweza kupanga zamu tena, hata kwa grupu ya WhatsApp ile tunayotumia kugombania maji: Jumatatu wewe unafua, Jumatano mimi nabeba mtoto masaa mawili mama alale, baba mtoto akirudi jioni achukue usiku wa kwanza.

Na ukifika mlangoni, usianze na mtoto. Uliza, "Idhi nade?" Atasema, "Adhi maber," niko poa, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa kujibu. Ingia, kaa, mshikie mtoto, halafu umuulize tena.